MAKTABA KUU YA TAIFA, DAR ES SALAAM: HISTORIA YAKE, JENGO LAKE NA HAJA YETU KWAKE



Katika jarida letu la mwaka huu tumeonelea tuweke somo juu ya maktaba, na hasa Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam. Sababu ya kuchagua somo hili ni kwamba wengi wetu hapa Tangini, na wenzetu wanaotoka Kisarawe, tukienda mjini huenda Kariakoo kununua mahitaji au kuwazuru jamaa zetu. Tunapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tunaliona jengo la Maktaba, na tunapita zetu. Wapo wanaodhani kuwa ile ni ofisi ya Serikali isiyoingiwa ila na wafanyakazi. Wapo pia wanaodhani kuwa ni mahali pa wanachuo wakubwa tu. Dhana zote mbili si sahihi. Kwa hiyo tutaeleza, kwa kadiri ya nafasi, maktaba ile ilitoka wapi, jengo la namna ile hujengwaje, na sisi tunanufaika nayo vipi.

1. MAANA YA NENO MAKTABA

Kila aliyesoma sarafu kidogo atalitambua neno hili mara moja. Asili yake ni kitendo cha Kiarabu kataba, yaani aliandika. Kutokana na herufi zile zile tatu tunapata kitabu, katibu na maktaba. Maktaba ni jina la mahali: pale panapohusika na maandishi.

Kiswahili chetu nacho kina neno lake la zamani, nalo ni chuo. Leo tukisema chuo tunakusudia mahali pa kusomea, na wazee wetu walisema mtoto yupo chuoni wakikusudia madrasa. Lakini katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu chenyewe. Ndiyo maana ule utendi mashuhuri wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani, huitwa pia Chuo cha Herekali. Basi kwa wahenga wetu kitabu na mahali pa kusomea vilikuwa na jina moja. Funzo lake ni wazi: pasipo kitabu hapana chuo.

2. VITABU VYETU VILIVYOHAMA

Watu wa pwani waliandika tangu zamani. Utendi wa Tambuka tulioutaja huhesabiwa kuwa ni wa mwaka 1728, na uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Je, mtu akitaka kuona hati ya zamani ya utendi huo aende wapi? Aende Hamburg, Ujerumani. Na akitaka kuziona hati za Kiswahili alizokusanya W. E. Taylor kule Mombasa, zikiwamo za mashairi ya Muyaka, aende London, Uingereza.

Hatusemi haya kwa ajili ya kulaumu. Hati zile zimesalia kwa sababu zimetunzwa. Nyingi zilizobaki majumbani ziliisha kwa mchwa, kwa unyevu, kwa paa kuvuja, au kwa warithi kutojua thamani ya karatasi walizorithi. Katika miaka ya 1960 Mwingereza J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati na kuzinakili kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Kazi ile iliokoa mengi. Hata hivyo inatubidi tujiulize: kwa nini elimu ya nyumba nzima itegemee sanduku moja lililo chini ya kitanda? Jibu la swali hili ndilo lililowafanya wanadamu wajenge maktaba.

Historia ya Uislamu inatuonyesha jambo hilo hilo. Mjini Baghdad, katika zama za Khalifa al-Maamun (813 hadi 833), Bayt al-Hikma ilikuwa mashuhuri kwa vitabu na kwa kazi ya kufasiri elimu za Wayunani. Baghdad ilipovamiwa na Wamongoli mwaka 1258 vitabu vingi viliangamia. Vile ambavyo nakala zake zilikuwa katika miji mingine vilisalimika. Kwa hiyo kuhifadhi ni jambo la kwanza, na kuwa na nakala mahali zaidi ya pamoja ni jambo la pili.

3. HALI KABLA YA UHURU

Maktaba ya umma ni ile isiyomilikiwa na mtu binafsi, wala haimbagui msomaji kwa kabila, dini, rangi au cheo chake. Katika Afrika Mashariki maktaba za namna hiyo hazikupatikana kwa urahisi.

Miongoni mwa za mwanzo ni ile ya Mombasa iliyopewa jina la Seif bin Salim, ambayo historia yake huanzia mwaka 1903. Ilitokana na ukarimu wa ukoo wa maliwali wa Mombasa. Kisha, mwaka 1931, ikafunguliwa Maktaba ya McMillan mjini Nairobi. Lady Lucie McMillan aliijenga kwa kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan. Ni jengo la fahari: lina nguzo ndefu mbele, ngazi pana za kupandia, na sanamu za simba wawili mlangoni. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo, wala Mhindi. Ilikuwa kwa Wazungu peke yao, na hali hiyo ilidumu mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Hapa tunaona kuwa jengo laweza kuwa zuri na vitabu vikawa tele, na bado isiwe maktaba ya umma kwa maana yake ya kweli.

Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha ofisi iliyoitwa East African Literature Bureau, ikihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ofisi hii ilichapisha vitabu kwa lugha za wenyeji, na pia iliazimisha vitabu. Njia zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni masanduku ya vitabu yaliyopelekwa kwenye vituo mbalimbali, na baada ya muda yakabadilishwa. Ya pili ni kwa posta, yaani msomaji anaandika barua na kupelekewa kitabu, akimaliza anakirudisha. Ilikuwa huduma yenye manufaa, lakini sanduku moja la vitabu haliwezi kukidhi haja ya wilaya nzima.

4. KUZALIWA KWA MAKTABA KUU

Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa akisimamia huduma za maktaba katika ofisi hiyo, alitoa taarifa juu ya namna ya kukuza maktaba katika nchi zetu. Ushauri wake mkubwa ulikuwa kwamba kila nchi iwe na chombo kimoja cha kitaifa, chenye sheria yake na fedha zake, ili kila mji usiachwe ujitafutie peke yake.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miaka miwili baadaye, mwaka 1963, ikatungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa E. M. Broome. Kisha tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kutimiza miaka sita ya uhuru, Rais Julius Nyerere akalifungua rasmi jengo la Maktaba Kuu ya Taifa.

Tuizingatie tarehe hiyo. Mwaka 1967 ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Wengi wa watu wazima wa nchi yetu walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mtu angeweza kusema: kwa nini tujenge maktaba ilhali wasomaji hawapo? Lakini waliopanga waliona kuwa mambo haya mawili huenda pamoja. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39, na wa mwaka 1986 ukaonyesha wamebaki asilimia 10 hivi. Mtu aliyejifunza kusoma na asipate cha kusoma husahau, kama aliyehifadhi sura na asiirejee. Kwa sababu hiyo katika miaka ya 1970 zilianzishwa pia maktaba za vijiji, na magari ya vitabu yakawafuata wasomaji walikokuwa.

Mtanzania wa kwanza kuongoza huduma hii alikuwa E. E. Kaungamno. Mwaka 1975 ikatungwa sheria mpya, na ndiyo iliyoipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania sura yake ya baadaye: kusimamia Maktaba Kuu pamoja na maktaba za mikoa na baadhi ya wilaya, kufundisha wakutubi, na kuhifadhi machapisho ya taifa.

5. JENGO LA MAKTABA

Jengo la Maktaba Kuu ni la ghorofa, la zege, la kizazi cha miaka ya 1960. Ukililinganisha na McMillan ya Nairobi utaona tofauti ya nia. Jengo la Nairobi lilitaka kufanana na mahekalu ya kale ya Ulaya. Majengo ya umma ya mwanzo wa uhuru yaliacha sanamu na mapambo, yakatumia zege wazi, kivuli na upepo. Kizazi hicho ndicho kilichotupa majengo ya Chuo Kikuu pale Mlimani, na baadaye kidogo Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye nguzo zinazofanana na miavuli.

Msanifu wa maktaba katika mji kama Dar es Salaam ana maadui wanne, na kila mmoja ana dawa yake.

(a) Uzito. Karatasi ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Sakafu ya chumba cha kulala hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha rafu za vitabu huhesabiwa kwa zaidi ya kilo 700. Basi chumba cha mita 5 kwa 6, chenye mita za mraba 30, sakafu yake iwe tayari kubeba zaidi ya tani 21. Ndiyo maana nyumba ya kawaida haifai kugeuzwa maktaba kubwa, na ndiyo maana nguzo za maktaba huwa nene na za karibu karibu.

(b) Jua. Mwanga wa jua hupausha jalada na kuifanya karatasi iwe ya manjano na yenye kuvunjika. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na Desemba huwa upande wa kusini. Nyakati zote mbili huwa juu, kwa hiyo kipenu kifupi juu ya dirisha chatosha kulizuia. Jua linalosumbua ni la asubuhi na la alasiri, kwani huja chini chini na kuingia mpaka ndani. Kwa hiyo msanifu hodari huzielekeza kuta ndefu zenye madirisha kaskazini na kusini, na upande wa mashariki na magharibi huweka kuta zenye nafasi chache, au mbao za zege za kukinga jua.

(c) Unyevu. Hewa ya pwani ina maji mengi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huota kwenye vitabu, na Dar es Salaam hupita kiwango hicho mara kwa mara. Dawa yake ni upepo unaopita toka upande mmoja hadi wa pili, rafu zisizogusana na ukuta, na kwa hati adimu chumba chenye mashine ya kupoza na kukausha hewa.

(d) Wadudu. Mchwa hupanda toka ardhini, na nondo hula karatasi na gundi. Sakafu ya zege, rafu za chuma na usafi wa kila siku ndiyo kinga.

Kwa kulinganisha, tuitazame Maktaba mpya ya Iskandaria, Misri, iliyofunguliwa mwaka 2002. Iliyosanifiwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway, ina umbo la duara lililolala upande, lenye kipenyo cha mita 160, na ukuta wake wa mawe umechongwa herufi za lugha nyingi za dunia. Paa lake limeinamia bahari, upande wa kaskazini, kwa sababu kule Misri jua la mchana huwa kusini. Hivyo msomaji hupata mwanga na kitabu hakipati jua. Paa lile likiletwa Dar es Salaam halitafaa, kwani nusu ya mwaka jua letu liko kaskazini. Kila nchi na jua lake, na kila jua na jengo lake.

6. VITABU VINAPANGWAJE?

Mwanafunzi anayeingia Maktaba kwa mara ya kwanza huogopa kwa kuona rafu nyingi. Hakuna la kuogopa. Vitabu vimepangwa kwa namba, kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Elimu zote zimegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu lina matawi yake. Hizi ni baadhi ya namba za kuhifadhi:

297: Uislamu
510: Hisabati
496.392: Lugha ya Kiswahili
896.392: Fasihi ya Kiswahili
967.8: Historia ya Tanzania

Namba hizo hazibadiliki ukienda maktaba nyingine inayotumia utaratibu huo, iwe Mwanza au Marekani. Ukiijua namba ya elimu unayoitaka, umeshaijua njia.

Maktaba Kuu ina sehemu ya watoto, sehemu ya watu wazima na sehemu ya kuazima. Anayetaka kuazima hana budi kujiandikisha. Utaratibu na ada yake huulizwa mezani kwa mkutubi, na kuuliza si aibu.

7. AMANA YA TAIFA

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria inamtaka kila mchapishaji nchini apeleke nakala za kila anachochapisha Maktaba Kuu, na zikishafika huhifadhiwa na kuorodheshwa. Maktaba Kuu ndiyo pia inayotoa namba ya kimataifa ya kitabu, ile ISBN tunayoiona nyuma ya jalada.

Kwa hiyo Maktaba Kuu si mahali pa kuazima tu. Ni kumbukumbu ya nchi. Mtu atakayeishi miaka mia baada yetu na akataka kujua watu wa Pwani walikuwa wakifikiri nini, atakwenda kutafuta huko. Atavikuta vitabu vya waliopeleka. Ya wasiopeleka hatayakuta, na itakuwa kama kwamba hawakuwahi kuandika. Jarida hili mnalolisoma nalo ni chapisho. Walimu wetu hutunga kasida, huandika historia za misikiti na nasaba za masheikh, kisha kazi hizo hutolewa fotokopi ishirini na kugawanywa. Miaka mitano baadaye haionekani hata moja. Tukumbuke Hamburg na London. Safari hii tukipoteza hatutakuwa na mkoloni wa kumsingizia.

8. MAKTABA ILIYO KARIBU NASI

Dar es Salaam ni umbali wa kilometa 40 hivi, na nauli si jambo dogo kwa mwanafunzi. Lakini Kibaha haikuachwa mikono mitupu. Shirika la Elimu Kibaha lilianza kama mradi wa nchi za Nordiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, likakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, nalo lina maktaba ya umma. Kwa mtu wa Tangini huko si safari. Tena mkoa wetu wa Pwani una fahari nyingine: chuo cha kufundisha wakutubi na watunza nyaraka, kilichoanzishwa na Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1989, kipo Bagamoyo. Ukutubi ni kazi ya heshima, na hakuna kinachomzuia mwanafunzi wa madrasa hii kuisomea.

9. HITIMISHO

Tumeona kuwa maktaba ya umma haikuja yenyewe. Ilitanguliwa na wakati ambapo mlango ulifunguliwa kwa rangi moja, na wakati ambapo wilaya nzima ilingoja sanduku. Mlango wa mwaka 1967 ulifunguliwa kwa kila mtu. Mlango huo hauna faida kwa anayeupita nje. Na kitabu cha umma kina hukumu ya amana: anayekichana ukurasa au kukaa nacho hamdhulumu mkutubi, bali anamdhulumu yatima asiye na uwezo wa kununua kitabu kile, ambaye atafika kesho na asikikute.

Basi tunawausia mambo matatu. Kwanza, kabla ya mwaka kwisha kila mwanafunzi mkubwa aingie maktaba walau mara moja, na amchukue mdogo wake. Pili, kitabu cha kuazima kirudishwe kwa wakati na kikiwa salama. Tatu, mwenye hati za zamani nyumbani asizichome wala asizitupe. Azionyeshe kwa mwalimu, zinakiliwe, na nakala ihifadhiwe mahali pa umma.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja maneno matano ya Kiswahili au ya Kiarabu yatokanayo na kataba.
2. Kuna tofauti gani kati ya Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931 na Maktaba Kuu ya mwaka 1967 kwa upande wa (a) jengo, (b) wasomaji waliokusudiwa?
3. Chumba cha rafu kina mita 8 kwa 10. Kwa kipimo cha kilo 700 kwa mita ya mraba, sakafu yake ibebe tani ngapi?
4. Tazama darasa letu. Madirisha yake yanaelekea upande gani? Jua huingia saa ngapi? Ungekuwa msanifu ungebadili nini?
5. Muulize mzee mmoja wa mtaani kwenu kama ana kitabu au hati ya zamani. Andika jina lake, ni ya elimu gani, na hali yake ikoje.

Majibu ya swali la tano yaletwe kwa mwalimu wa zamu, nasi tutayatia katika jarida la mwaka ujao, Inshaallah.